Mtandao Unasumbua

Jumamosi ile nilishuka Kitangari nikiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Nilikuwa nimebeba rimu mbili za karatasi na wino wa printa ya AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, na moyoni nilikuwa na furaha yangu ya siri. Usiku wa Alhamisi nilikuwa nimehamisha tovuti yetu ya bei za korosho, na mpaka muda huo hakuna aliyenipigia simu kulalamika.

Mjomba alikuwa chini ya mwembe wa nyumbani kwake, amekaa na jirani yake mkekani. Kila mmoja ameshika simu. Hawaongei.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Kaa hapo."

Sikupewa hata maji. Mjomba akaweka simu yake juu ya mkeka, jirani naye akaiweka yake pembeni. Tovuti ileile, jina lilelile, rangi nilizochagua mwenyewe. Juu kabisa, kwa herufi nilizozikuza kwa majivuno: BEI YA LEO. Simu ya jirani ilikuwa na bei ya mnada wa jana. Ya mjomba ilikuwa na bei iliyozidi kwa shilingi 140 kila kilo.

"Ipi ya kweli?" akauliza.

Mjomba alikuwa na tani moja na kidogo ghalani. Shilingi 140 kwa tani ni 140,000, na huku kwetu hesabu ya namna hiyo haisubiri kikokotoo. Tunajua pia fikra ya mkulima inakokimbilia akiona bei mbili: katikati kuna mtu anakula.

Nikatazama simu hii, nikatazama ile.

"Mtandao unasumbua, mjomba. Ndani ya saa 24 mpaka 48 zitakuwa sawa."

Akanitazama kwa muda.

"Mtandao," akasema.

Basi. Akachukua simu yake, akaiweka mfukoni. Nimeandika tovuti nyingi mbovu maishani na hakuna iliyonikosesha usingizi kama neno lile moja.

## Neno la kufungia dirisha

Sote tumewahi kulipokea. Uko foleni tangu saa mbili asubuhi, unafika dirishani, karani anainua macho: mtandao unasumbua. Hakuna anayeuliza mtandao gani, unasumbua wapi, tangu lini. Unakunja karatasi zako, unarudi kesho.

Lina nguvu kwa sababu mara nyingi ni kweli. Mei 2024 mnaikumbuka. Tarehe 4 kimbunga Hidaya kikaingia, barabara ya Kilwa ikakatika, mabasi ya Dar yakalala njiani. Hatujamaliza kupiga picha madaraja, tarehe 12 nyaya za EASSy na Seacom zikakatika baharini upande wa Afrika Kusini, nchi nzima ikabaki inatazama kiduara kinazunguka kwenye kioo. Wiki zile ukisema mtandao unasumbua, umesema kweli tupu.

Mimi Oktoba nikaenda kuukopa ukweli ule wa Mei.

Maana pale mwembeni simu zote mbili zilikuwa na mtandao. Kurasa zilifunguka upesi kuliko zilivyowahi kufunguka. Kama kuna kitu kilichokuwa kinasumbua, kilikuwa kimekaa mkekani kina vumbi usoni.

Sikuwa najua bado. Ila niseme ukweli: sikuwa na hamu ya kujua.

## Ndoo na mlinzi wake

Wasiopenda mambo ya mafundi wanivumilie hapa.

Tovuti yetu si kitu kikubwa. Ni ukurasa mmoja na picha za karatasi za matokeo ya minada, moja kwa kila mnada. Hosti ya zamani, kampuni tuliyoikodi itutunzie tovuti, ilikuwa ya bei poa na ilitutosha siku sita za wiki. Siku ya saba, mnada ukishaisha, watu wote wanafungua kwa mpigo, na ukurasa unagoma mpaka usiku. Simlaumu mwenye hosti. Ukikodi baiskeli usidai mzigo wa Fuso.

Picha na PDF hazihitaji seva nzima. Zinahitaji mahali pa kukaa na mtu wa kuzitoa zikiombwa. Ndiyo kazi ya baketi. Kwa Kiswahili ni ndoo, na kweli ni ndoo: unatumbukiza faili, linakaa na jina lake, hakuna kingine. Tukachukua ya Google Cloud.

Njia ya mkato ipo. Unaipa baketi jina lilelile la tovuti, kwenye DNS, daftari la mtandao linalosema jina la tovuti liko kwenye anwani gani, unaandika CNAME, rekodi ya kulielekeza jina kwenye jina jingine, inayoelekea c.storage.googleapis.com, kazi imekwisha. Lakini njia hiyo ni ya HTTP tupu, haina kile kikufuli cha HTTPS cha kuonyesha ukurasa ni salama, na simu za siku hizi zikikosa kikufuli zinampigia mtu kelele kama kuku aliyeona kipanga. Kwa hiyo mbele ya baketi tukaweka lodi balansa. Jina ni kubwa kuliko kazi tuliyoipa. Hatukuwa na mizigo ya kugawanya kwenye seva kumi; tulitaka mlinzi wa getini mwenye anwani isiyobadilika na cheti cha HTTPS mkononi.

Mlinzi huyo analipwa kwa saa. Senti mbili na nusu za dola, karibu dola 18 kwa mwezi, hata kama hakuna aliyepita getini. Picha zenyewe, zote pamoja, kuzitunza hakufiki dola moja. Mwenzangu aliyeko Lindi, ambaye ndiye anayepiga picha karatasi za minada ya upande wa Ruangwa na Nachingwea, aliuliza kwa upole kama nimeokota gesi ya Mnazi Bay. Tukachanga nusu kwa nusu.

Ukishapewa anwani (yetu inaanza na 34) kinachobaki ni mstari mmoja tu kwenye DNS: jina letu, rekodi ya A (ile ya kuunganisha jina na namba), namba. Lazima iwe A. Jina letu tupu, lile linaloishia .co.tz bila kitu mbele yake, tayari limebeba rekodi za NS na SOA, zinazosema nani analitunza, na kanuni zilizoandikwa mwaka 1987 zinasema penye CNAME hapakai rekodi nyingine. CNAME ni kama kijana aliyetoka jandoni. Ukimwita kwa jina la utotoni haitiki. Anakuelekeza kwenye jina lake jipya, na kila unachotaka ukaulizie huko.

Mstari mmoja. Niliuandika saa nne usiku, nikachemsha chai.

## Stakabadhi na tarehe yake

Kila jibu la DNS linatoka na TTL, yaani sekunde ambazo aliyelipokea anaruhusiwa kulitunza bila kurudi kuuliza. Ya kwetu ilikuwa 86400. Siku nzima.

Nilijua kwamba kabla ya kuhama inashushwa. Nikaishusha mpaka 300, dakika tano. Na dakika hiyohiyo nikabadilisha anwani.

Hapo ndipo nilipojidanganya kwa mara ya kwanza.

Aliyeuliza Alhamisi saa tatu usiku alikuwa ameshaondoka na jibu la zamani lenye ruhusa ya siku nzima. Mimi kuandika 300 saa nne hakumfikii popote. Ni sawa na AMCOS kutangaza leo kwamba stakabadhi zote zitakuwa za wiki moja, wakati mkulima ameshafika kwake na ya kwake imeandikwa mwezi. Karatasi inayosomwa ni iliyoko mkononi mwake. Ilitakiwa niishushe Jumanne, niache karatasi zote za siku nzima ziishe muda, halafu Alhamisi ndipo nihame.

Mfano huu wa stakabadhi haukunijia siku ile. Ulinijia baadaye, nilipokuwa natafuta namna ya kumweleza mtu ambaye ameishi na stakabadhi ghalani tangu zilipoletwa kwenye korosho msimu wa 2007/2008, na anayejua kuliko mimi kwamba karatasi si mzigo. Karatasi inakwambia mzigo uko wapi. Mzigo ukihama na karatasi isijue, unayo karatasi tu.

## Hakuna kinachosambaa

Ijumaa asubuhi, kabla ya haya yote, nilikaa steshenari nikiangalia majibu kwa dig, amri ya kuiuliza DNS. Seva ya mtandao wangu wa simu bado ilikuwa inatoa anwani ya zamani, na pembeni yake idadi ya sekunde zilizobaki. Niliuliza kila baada ya dakika moja hivi:

41,207.

41,146.

41,085.

Ni kitu kizuri kukitazama, kama maji yanayoshuka kwenye simtanki. Unaona kabisa mtu fulani mahali fulani anasahau polepole.

Mafundi tuna neno baya kwa jambo hili. Tunasema mabadiliko ya DNS "yanasambaa", kana kwamba ni moshi wa korosho zinazobanikwa, unatoka nyumba hii unaingia ile. Hakuna kinachosambaa. Hakuna anayetumwa kwenda kuwaambia watu. Zamani za mwanzo kabisa kulikuwa na faili moja, HOSTS.TXT, lililotunzwa kwenye taasisi ya SRI kule California, na kila kompyuta ilikuwa inalichukua hapo kujua nani anaishi wapi. Mashine zikazidi, faili likaelemewa, na mwaka 1983 Paul Mockapetris akatoa mpango tunaoutumia mpaka leo: kila mtu atunze majina yake, wanaotaka waje kuuliza, na wakishauliza wakumbuke kwa muda waliopewa. Muda ukiisha, wanasahau. Wakisahau, wanauliza upya. Mabadiliko yanaonekana kwa sababu watu wanasahau.

Hata jibu la "simjui" linatunzwa. Ukiuliza jina kabla hujaliandika, ile hapana nayo inakaa kwenye kumbukumbu ya seva kwa muda wake, kisha unaandika rekodi na kushangaa mbona haionekani. Nimeshaumia hapo pia, ila hiyo ni siku nyingine.

Sasa pigeni hesabu pamoja nami, kwa kuwa mimi sikuipiga. Nilibadilisha anwani Alhamisi saa nne usiku. Jibu la mwisho la zamani liliruhusiwa kuishi sekunde 86400. Kwa hiyo Ijumaa saa nne usiku karatasi zote za zamani zilikuwa zimekufa.

Mjomba alinionyesha simu Jumamosi saa tano asubuhi.

Namba zilikuwa zangu, saa ilikuwa yangu, na bado nikamwambia asubiri. "Saa 24 mpaka 48" lilishakuwa dua tu mdomoni kwangu. Linasemwa na kila fundi, halina mwenyewe, na uzuri wake ni kwamba linakupa siku mbili za kutoangalia.

## Umemuuliza nani?

Jumatatu usiku simu ikaita.

"Mpwa wangu, zile saa zako zimeisha."

Hakukaripia. Alikuwa anatoa taarifa, kama mtu anayekukumbusha ulimkopa sufuria. Nikasema nalifanyia kazi. Nikampigia dada wa Lindi, nikamwaga malalamiko yote: seva za simu hazifuati TTL, mitandao yetu hii, kache, sijui nini. Akaniacha nimalize.

"Kaka, umemuuliza nani?"

"Nimeuliza DNS."

"DNS ya nani? Ya simu yako, ya Google, au yule mwenye jina?"

Tangu Ijumaa nilikuwa nauliza wasikilizaji. Sikuwa nimemuuliza msemaji. Nikaandika tena dig, safari hii nikaweka alama ya @ na jina la seva mama, ile inayotunza rekodi zetu zenyewe, ambayo haikumbuki chochote ilichosikia kwa wengine. Inasoma tu ulichoiandikia.

Jina letu tupu: anwani inayoanza na 34. Safi.

Jina letu lenye www mbele: CNAME, kwenda kwenye hosti ya zamani.

Na pembeni yake 86400. Kamili. Nikauliza tena, 86400. Na tena. Haishuki, kwa sababu hapo hakuna anayesahau. Yale yalikuwa maandishi yangu mwenyewe, ya siku tuliyofungua tovuti, na Alhamisi usiku sikuyagusa.

Nilikaa nayo dakika kadhaa. Nje bodaboda walikuwa wanagombea abiria, na mimi nimeshika panya ya kompyuta kama mtu aliyeshikwa na usiku.

Kumbe mambo yalikuwa mepesi hivi. Mjukuu wa mjomba aliihifadhi tovuti kwenye simu ya babu yake siku nyingi zilizopita, na aliiandika na www. Jirani aliandika jina tupu kwa mkono wake. Majina mawili, milango miwili. Mmoja anaingia kwa mlinzi mpya, mwingine anaendelea kwenda hosti ya zamani, ambako ukurasa wa wiki iliyopita ulikuwa bado umekaa, umevaa kofia yake ya BEI YA LEO. Tarehe ilikuwepo, ndiyo, kwa kalamu, kwenye kona ya karatasi iliyopigwa picha. Nani atakuza picha kutafuta tarehe wakati juu kumeandikwa leo?

Mjomba angeweza kusubiri saa 48, au siku 48, au mpaka mikorosho itoe maua mengine. Isingebadilika.

Kinachonitesa zaidi ya kosa ni sura yake. Kama ningekuwa sijui lolote kuhusu TTL ningeshtuka, ningetafuta. Nilikuwa na maelezo sahihi. Yalieleza vizuri kabisa hali ya Ijumaa asubuhi, na kwa kuwa yalieleza kitu, nikayaacha yaeleze kila kitu.

## Wezi wa taarifa

Usiku uleule nikaiandika www upya: CNAME kwenda kwenye jina letu tupu. Nikiwa humo nikakuta na rekodi ya AAAA, ile ya anwani ndefu za IPv6, nayo bado inaelekea kwa wa zamani. Nikaifuta. Nikauliza seva mama, ikajibu vizuri. Nikampigia mjomba.

"Subiri siku moja tu."

Na safari hii, kwa kejeli ya dunia, ilikuwa kweli. www nayo ilikuwa na TTL ya siku nzima, na seva ya mtandao wake ilikuwa na haki ya kukumbuka mpaka Jumanne usiku. Ila nendeni mkamweleze hivyo mtu mliyekwisha kumwambia uongo wenye umbo lilelile.

Jumatano asubuhi, simu.

"Mpwa wangu. Sasa inasema kuna watu wanataka kuniibia."

Nikafumba macho. Cheti. Nilipotengeneza cheti cha HTTPS kwenye lodi balansa nilikiandikia jina moja, lile tupu. www ilikuwa imefika getini kwa mlinzi sahihi, na mlinzi akatoa kitambulisho chenye jina la mtu mwingine. Simu ikafanya kazi yake: kioo chekundu, onyo la wavamizi na taarifa zako. Kwa mzee aliyekwisha kushuku kwamba kuna mtu katikati anakula, ule ulikuwa ushahidi wa maandishi.

Usiku wa Jumatatu nilikuwa nimetazama jibu la DNS tu. Sikufungua ukurasa wenyewe.

Nikatengeneza cheti kipya chenye majina yote mawili. Cheti cha aina hii hakitoki kwa kuomba tu. Anayekitoa anakwenda kuangalia kama kweli jina linaelekea kwenye anwani ya lodi balansa, na kama halielekei, hakitoki. Kwa hiyo rekodi kwanza, cheti baadaye, na katikati kuna uwazi. Ipo njia ya kuthibitisha umiliki mapema kwa rekodi ya pembeni, kabla hujahamisha chochote, ukahama na cheti kikiwa tayari mfukoni. Niliisoma Alhamisi, wiki moja baada ya kuihitaji. Chetu kilichukua kama saa moja, nami muda wote huo niliuza kalamu na bahasha bila kujua nimeuza ngapi.

## Na ndoo nayo inakumbuka

Ijumaa iliyofuata, mnada mwingine, tukapandisha picha mpya juu ya ile ya zamani kwa jina lilelile la faili. Majina yote mawili yanafunguka, kikufuli kipo. Bei ni ya wiki iliyopita.

Safari hii sikusema neno kwa mtu. Nikaenda kuangalia. Faili la hadharani kwenye baketi hizi, usipoliandikia kitu, linatoka na ruhusa ya kutunzwa saa moja, sekunde 3600, na simu za watu zilikuwa zinatii. Tangu siku hiyo kila karatasi ina tarehe kwenye jina lake, haiandikwi juu ya nyingine, na ukurasa wa mbele una ruhusa ya dakika moja tu. Yale maneno BEI YA LEO tumeyaondoa. Sasa imeandikwa siku, tarehe na mnada wa wapi. Dada wa Lindi anasema ndiyo marekebisho pekee ya maana tuliyofanya msimu mzima, na hayahusu DNS hata kidogo.

## Januari

Nilirudi Kitangari mwezi Januari, kwa arobaini ya ndugu yetu. Njia ilikuwa tope. Watu walipotawanyika mjomba akaniita mwembeni, na chai ikaja kabla sijakaa.

Nilikuwa nimelipanga neno langu tangu Mtwara mjini.

"Mjomba, siku ile mtandao haukuwa unasumbua."

"Najua."

Akamimina chai yake kwenye kisosi, akaipuliza.

"Mimi na jirani tunatumia laini za kampuni moja. Bando tulinunua pamoja, duka moja, asubuhi ileile. Mtandao ungesumbua kwake na mimi."

Sikuwa na la kujibu. Vipimo vyote nilivyohangaika navyo siku nne, yeye alikuwa ameshavifanya kwa simu mbili na mkeka mmoja kabla sijafika. Mtandao uleule, mahali palepale, saa ileile, majibu mawili: tofauti iko kwenye simu au iko kwangu. Alikuwa ananisubiri nimwambie ipi.

Nikamweleza kwa stakabadhi. Ghala ni ndoo, mlinzi ni lodi balansa, karatasi ni jibu la DNS, na mimi niliandika karatasi mbili nikasahihisha moja. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akauliza swali ambalo sikuwa nimelipanga.

"Na lile ghala la zamani. Limefungwa?"

Nikakaa kimya. Hosti ya zamani tulikuwa tumeilipia mwaka mzima. Hakuna jina lililoelekea huko tena, kwa hiyo niliiacha. Ukurasa ulikuwa bado umekaa ndani, na bei ya Oktoba, na herufi zake kubwa.

"Hapana, mjomba."

"Lina korosho?"

"Halina."

"Na bango bado liko mlangoni."

"Liko."

"Basi kaling'oe."

Nikatoa simu. Nikafungua paneli ya hosti ya zamani palepale, nikatafuta faili, nikabonyeza kufuta. Kiduara kikazunguka. Nikarudia. Kikazunguka tena. Wingu la mvua lilikuwa limeshuka juu ya Kitangari na simu yangu ilikuwa imebaki na kijiti kimoja cha mtandao, kinawaka na kuzima. Nikasimama, nikainua mkono juu, nikasogea mpaka ukingo wa kivuli cha mwembe.

Mjomba akaweka kisosi chini. Uso haukuonyesha lolote.

"Vipi," akauliza, "mtandao unasumbua?"

Nikarudi mkekani, nikampa simu aone mwenyewe.